Mcheza Kwao Hutunzwa: Televisheni ya Michezo na Viwanja vya Fizi na Baraka

Dominika moja alasiri tulikuwa tukipita Baraka, tukitoka upande wa ziwa. Karibu na soko tulikuta ukumbi wa video, kuta zake za mbao, paa lake la bati, jenereta ikinguruma nyuma. Watu walikuwa wamejaa hata mlangoni, na watoto wasio na faranga za kiingilio walichungulia katika nyufa za mbao. Ndani ilikuwa ikionyeshwa mechi ya Uingereza. Tulipoendelea mbele kidogo tulifika kwenye kiwanja cha mpira. Huko nako mechi ilikuwa ikichezwa, timu mbili za mitaa, vijana wenye nguvu na bidii. Lakini watazamaji wao twaliweza kuwahesabu: wazee wachache, watoto, na mama mmoja muuza karanga.

Tulimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa ametoka ukumbini kupumua. Tukamwuliza majina ya wachezaji wa timu aliyoipenda huko London. Akatutajia wote kumi na mmoja, na wa akiba juu yao. Kisha tukamwuliza jina la yule kipa aliyekuwa akiruka pale kiwanjani, mbele ya macho yetu. Akacheka, akasema, "Huyo simjui."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Hatutaki kumgombeza kijana, wala kuilaani televisheni kama shetani. Sisi wenyewe twaupenda mpira, na tumekaa mara nyingi katika viti vile vya mbao. Twataka kuipima televisheni ya michezo kama vile mtu anavyokipima kitabu kabla ya kumpa mwanawe: yatupa nini, yatunyima nini, na nani anayesema ndani yake?

Picha zilikujaje kwetu?

Wazee wetu hawakuanza na televisheni. Walianza na sinema ya misioni. Katika miaka ya 1950 Mapadri Weupe wa Kivu walikuwa na kazi yao ya kutengeneza sinema, na Padri Roger De Vloo alijulikana sana katika kazi hiyo. Jioni shuka jeupe lilitundikwa, watu wakaketi chini, picha zikaanza kutembea. Sinema zile tunaweza kuzilaumu kwa haki. Aliyeshika kamera alikuwa Mzungu, na mara nyingi mwenyeji alionyeshwa kama mtoto wa kufundishwa. Lakini sifa moja tusizinyime: katika nyingi waliocheza walikuwa watu wa nchi hii, na mtazamaji aliona mashamba na nyumba zilizofanana na zake. Hakutazama ya wengine tu.

Kisha ikaja televisheni. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kongo mwaka 1966 pale Kinshasa. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, ikiwatangulia jirani zake wote kwa rangi. Burundi ilianza mwaka 1984. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, maana Mwalimu Nyerere aliona kwamba chombo hicho kingekuwa anasa ya watu wachache wa mjini, na nchi ilikuwa na haja ya visima, shule na redio kwanza. Watu wengine walimcheka kwa uamuzi huo. Sisi twaona aliuliza swali lililofaa kuulizwa: picha hii ni ya nani, na nani atafaidika nayo?

Huku kwetu swali hilo halikuulizwa. Kwa mtu wa Fizi, televisheni ya Kinshasa ilikuwa habari ya kusimuliwa na wasafiri. Na wakati wa Mobutu, yule aliyebahatika kuiona alikuta habari zikifunguliwa kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Chombo cha namna hiyo chatazama juu tu. Hakina nafasi ya kumtazama mvuvi wa Ubwari wala mwalimu wa Itombwe.

Mafunzo mawili ya mwaka 1974

Wasomaji wapenzi, mwaka 1974 ulitupa mafunzo mawili juu ya michezo na picha, nayo yafaa tuyakumbuke.

La kwanza ni lile pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, tarehe 30 Oktoba, Kinshasa. Kila mtu anajua kwamba Ali alimwangusha mwenzake katika raundi ya nane. Wachache wanakumbuka saa yenyewe. Pigano lilianza kama saa kumi za usiku kwa saa ya Kinshasa, na kwetu mashariki ilikuwa tayari saa kumi na moja alfajiri. Kwa nini watu wapigane saa ambayo majogoo yanawika? Kwa sababu Marekani wakati huo ilikuwa bado jioni, na watazamaji wa huko walikuwa ndio wenye kulipa. Kiwanja kilikuwa chetu, usiku ulikuwa wetu, waliokesha walikuwa watu wetu. Lakini saa ilipangwa kwa ajili ya macho ya wengine. Hivyo ndivyo biashara ya picha za michezo inavyokwenda hata leo: anayelipa ndiye anayepanga saa, na ndiye anayechagua kamera ielekee wapi.

Funzo la pili ni lenye uchungu zaidi. Mwezi wa Juni mwaka huo timu ya taifa, wakati huo ya Zaire, ilicheza Kombe la Dunia huko Ujerumani. Ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika ya kusini ya Sahara kufika huko, nayo ilikuwa imelitwaa Kombe la Afrika miezi michache kabla, ambamo Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa. Ilifungwa na Scotland 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazil 3 kwa 0. Katika mechi ile ya Brazil, Wabrazili walipokuwa wakijitayarisha kupiga mpira wa adhabu, beki Mwepu Ilunga aliuchomokea, akaupiga mbali kabla wao hawajaugusa. Picha hiyo ilizunguka ulimwengu mzima. Kwa miaka mingi watangazaji wa Ulaya waliionyesha ili watu wacheke: tazameni, Waafrika hawa hawajui hata sheria za mpira!

Mwepu mwenyewe, aliyefariki mwaka 2015, alieleza zaidi ya mara moja kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira na uchungu, maana wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha zao. Tena, ni nani angeweza kulichukua Kombe la Afrika bila kujua mpira wa adhabu ni nini? Basi tazameni: picha ilikuwa ya kweli, haikughushiwa hata kidogo, lakini maneno yaliyowekwa juu yake yalikuwa ya wengine, nayo yaliigeuza hasira ya mtu kuwa ujinga. Hatujui mfano ulio bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba katika televisheni neno la mtangazaji lina uzito kama picha yenyewe.

Paraboli juu ya mabati

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguka. Kongo stesheni za watu binafsi zilianza kuota Kinshasa na Lubumbashi, na sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa magazeti, redio na televisheni ikazipa msingi. Wakati huo huo zilikuja chaneli za kulipia kwa setilaiti: Canal+ kwa wasemao Kifaransa, na DStv tangu mwaka 1995, pamoja na chaneli zake za SuperSport, kwa wasemao Kiingereza. Baadaye wakaja Wachina wa StarTimes kwa bei ndogo zaidi. Polepole paraboli zikaonekana hata juu ya mabati ya Baraka, kwa nguvu ya jenereta kwanza, na ya mabamba ya jua baadaye.

Tuseme haki: furaha iliyoletwa na paraboli hizo ni kubwa. Nani atasahau Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipowashinda Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil huko Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu? Kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani, na watoto wa kila mtaa wakamwiga. Ilifungwa na Inter Milan 3 kwa 0 katika fainali, lakini siku zile Mkongomani alimtazama Mkongomani mwenzake akiwa mkubwa mbele ya ulimwengu. Redio ingetuambia matokeo. Televisheni ilitupa nyuso.

Lakini tuangalie jinsi biashara hii inavyojengwa. Chaneli ya michezo hununua haki ya kuonyesha ligi fulani. Hununua ile yenye watazamaji wengi wenye fedha. Kwa hiyo ligi tajiri huonyeshwa zaidi, ikionyeshwa zaidi hupendwa zaidi, na ikipendwa zaidi hupata utajiri zaidi. Ligi maskini haionekani, basi haipendwi, basi hubaki maskini. Mwezi wa Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuitwaa MultiChoice, yenye DStv na SuperSport. Hivyo mlango wa Kifaransa na mlango wa Kiingereza, ambao mpenda mpira wa Afrika alikuwa akichagua kati yake, sasa ni milango ya nyumba moja. Hatusemi kwamba nyumba hiyo ni mbaya. Twasema tu kwamba mwenye nyumba huko Paris hawezi kuamka asubuhi akifikiri habari za kiwanja cha Baraka. Si kazi yake. Ni kazi yetu.

Sauti ya Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa

Hapa twafika kwenye jambo ambalo kwetu lina ladha yake. Mwaka 1996 vita vilipotukimbiza, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wao walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2005 meli za kuwarudisha zilianza kutia nanga hapa Baraka. Watu waliorudi walibeba sufuria, mikeka na watoto waliozaliwa ugenini. Walibeba pia kitu kisichoandikwa katika karatasi za mizigo: Kiswahili cha shule za kambini, na mapenzi ya Simba na Yanga. Hata leo, ukikaa kwa kinyozi hapa mjini, waweza kusikia ugomvi wa Simba na Yanga kana kwamba uwanja wa Dar es Salaam uko nyuma ya soko letu.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Azam TV ilianza Dar es Salaam. Iliionyesha ligi ya Tanzania, kwa Kiswahili tangu mwanzo wa mechi hata mwisho. Mwaka 2021 ilitia mkataba wa miaka kumi kwa ligi hiyo, wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Fedha hizo ziliyapa uhai hata mashirika madogo ya mikoani, na wachezaji wakaanza kuja kutoka nchi za jirani, Wakongomani wakiwa wengi kati yao. Fiston Mayele, mzaliwa wa Kongo, aliichezea Yanga kuanzia mwaka 2021. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikashindwa na USM Alger kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu, na Mayele akamaliza mashindano hayo akiwa mfungaji bora, mabao saba.

Tukiwapima watangazaji hao wa Kiswahili kama wahakiki, twawapa sifa kubwa. Kwanza, wametuonyesha kwamba lugha yetu inatosha. Kona, kiungo, winga, mlinda mlango, mkwaju wa penalti, mpira wa kurusha: hakuna jambo la uwanjani lililokosa jina. Mama asiyejua Kifaransa anaelewa sawa na mwalimu. Pili, wana ufundi wa mzaha na wa mafumbo, wakimsifu mchezaji kama vile mwimbaji wa harusi anavyomsifu bwana harusi. Tatu, wanamtaja mchezaji pamoja na kwao na safari yake, naye hawi tena namba mgongoni.

Kasoro nazo zipo. Wengine hupiga kelele hata mpira unapokuwa katikati ya uwanja na hakuna hatari yoyote; basi bao linapoingia hawana sauti iliyobaki. Wengine husimulia tuliyoyaona kwa macho yetu, kama vile watu wa redio, wasitueleze tusiyoyaona: kwa nini beki amechelewa, kwa nini kocha amembadilisha kiungo. Na Simba na Yanga huonyeshwa na kusemwa mno, hata timu ndogo huonekana kama watu waliokuja kufungwa tu. Maradhi yale yale tuliyoyalaumu kwa Ulaya, ya mkubwa kummeza mdogo, yameingia na hapa. Kisha, tusisahau, Dar es Salaam nayo haiioni Baraka. Kiswahili chao ni chetu. Kiwanja chao si chetu.

Hasara zisizosemwa

Ziko hasara tatu ambazo mzazi na mwalimu hawana budi kuzitazama.

Ya kwanza ni kamari. Katika televisheni nyingi za michezo siku hizi, tangazo la kubashiri matokeo huja kabla ya mechi, katikati na baada yake. Kijana huambiwa kwamba kuupenda mpira na kuuwekea fedha ni jambo moja. Tumemwona mtu aliyeuza ndagala wa usiku mzima, akapoteza bei yake kabla ya jua kutua, kwa sababu ya timu ambayo hakuijua hata iko nchi gani. Huyo hakuangalia mchezo. Aliangalia faranga zake zikikimbia.

Ya pili ni kuzitegemea fadhili za mbali. Mfano twaupata Kenya. SuperSport ilikuwa ikiionyesha ligi kuu ya nchi hiyo na kuilipa. Mwaka 2017, baada ya ugomvi juu ya kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, iliondoka. Timu zilizokuwa zimezoea fedha hizo zikajikuta hazina mfadhili wala picha. Mti unaoegemea ukuta wa jirani huanguka siku jirani anapobomoa.

Ya tatu ndiyo kubwa: kutoonekana. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kivu huonekana katika televisheni za ulimwengu siku ya risasi. Mwaka 2025 Bukavu ilipotwaliwa mwezi wa Februari, na vita vilipofika Uvira mwezi wa Desemba, kamera zilituonyesha: foleni za wakimbizi, magodoro vichwani, watoto wakilia. Picha hizo ni za kweli, na yafaa zionyeshwe. Lakini mtu ambaye huonyeshwa siku ya kukimbia tu, wengine mwishowe humwona kama mkimbizi kwa asili, kana kwamba hana siku ya kazi, ya harusi, wala ya mechi. Mabaya zaidi, naye aweza kuanza kujiona hivyo.

Ndiyo maana tendo la tarehe 7 Februari 2024 lilitugusa sana. Timu ya Kongo ilikuwa Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika, ikicheza na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipoimbwa, wachezaji walifunika vinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole kwenye kichwa kama bunduki. Walisema bila kusema: watu wa mashariki wanauawa, na ulimwengu umenyamaza. Siku hizo hizo Wakongomani wengi walilalamika kwamba mabango ya watazamaji juu ya vita hayakuonyeshwa, na mabishano makali yakafuata juu ya nani anayechagua picha. Kongo ilifungwa 1 kwa 0. Lakini kumbukeni Mwepu wa mwaka 1974: wengine walimsemea wakamfanya kichekesho. Wale wa mwaka 2024 hawakungoja kusemewa. Walijua kamera iko wapi, wakaisemesha wao.

Tufanye nini, basi?

Huenda msomaji akatuuliza: "Mwataka Baraka iwe na chaneli yake ya michezo? Umeme wenyewe uko wapi?" Twajibu: tuanze na tulicho nacho. Redio za jamii zipo Fizi na Baraka, nazo zimezoeleka. Simu yenye kamera imo mikononi mwa vijana wengi. Ukumbi wa video upo, na watu wamo ndani tayari. Vitu hivyo vitatu vikiunganishwa, ni mwanzo wa televisheni ya mahali.

Mechi ya Jumamosi ichukuliwe na kijana mmoja mwenye mkono usiotetemeka, akisimama mahali palipoinuka, sawa na mstari wa katikati. Asikimbize mpira kwa kamera kama mtoto akimkimbiza kuku. Autangulie kidogo, amwache mtazamaji aone timu zote mbili. Kisha mtu wa redio aweke maneno, kwa Kiswahili na kwa Kibembe panapofaa. Na Dominika, kabla ya mechi ya Ulaya kuanza, mwenye ukumbi aonyeshe dakika kumi za mechi hiyo ya mtaa. Watu hawatatoka, maana wameshaketi wakingoja. Nao watapiga makofi zaidi kuliko walivyotazamia, kwa sababu watajiona. Sehemu ndogo ya kiingilio inunue mpira na nyavu.

Mwingine atasema: "Picha ya simu haitafanana na ya Ulaya." Ni kweli. Mechi kubwa za Ulaya huchukuliwa kwa kamera nyingi. Lakini mama hamtafuti mwanawe katika picha kwa sababu ya ubora wa kamera. Jambo linalotakiwa zaidi ni ujuzi wa mtangazaji. Ajue majina yote ishirini na mawili. Ajue huyu ni mvuvi, aliingia ziwani usiku akarudi alfajiri. Yule ni mwalimu. Yule mwingine alizaliwa Nyarugusu. Asimdhihaki aliyekosa penalti, maana kesho atakutana naye sokoni.

Tena awe na mpaka katika kinywa chake. Nchi yetu ina Wabembe, Wabuyu, Wabwari, Wafuliru, Banyamulenge na wengine, na majeraha kati yao hayajapona yote. Sisi wa Maziwa Makuu twajua neno la mtangazaji laweza kuua. RTLM ya Rwanda ilituonyesha hivyo mwaka 1994. Basi anayetangaza mechi ya vijiji viwili asiseme kamwe "wale" na "sisi". Amtaje mchezaji kwa jina lake, na amsifu anayestahili, awe wa upande wowote. Mtangazaji mwenye haki katika mambo ya mpira huwazoeza watu kusikia haki katika mambo makubwa. Na wachezaji wa makabila mawili wakionekana katika picha moja wakikumbatiana baada ya mechi, picha hiyo ihifadhiwe vizuri, maana iko siku itahitajiwa.

Hatusemi paraboli zishushwe. Mtu mwenye madirisha mawili katika nyumba yake huona zaidi ya mwenye moja. Twasema tu kwamba kwa miaka mingi tumekuwa na dirisha la kutazama kwa jirani, na hatujanunua kioo cha kujitazama sisi.

Tuliporudi siku ile jioni, mechi ya kiwanjani ilikuwa imekwisha. Yule kipa alikuwa ameketi juu ya jiwe, akifungua viatu vyake vilivyoshonwa kwa uzi wa nyavu za samaki. Tulimwuliza jina lake, naye akatuambia. Tulimpongeza kwa mpira mmoja alioudaka kona ya chini, mkono wa kushoto. Akastaajabu, akasema, "Mliuona?"

Ndiyo, tuliuona. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje, ikiwa watu wa kwao wote wamegeuza migongo kumtazama mcheza wa mbali? Ewe msomaji, Dominika ijayo, kabla ya kuingia ukumbini, pita kwanza kiwanjani. Kaa hata nusu ya kwanza tu. Uliza jina la kipa, ulikumbuke, na ukifika nyumbani, uwaambie watoto.